Kupigwa Kalamu na Kukabidhiwa Mikoba: Lugha ya Tetesi kuhusu Makocha wa Gor Mahia

Utangulizi

Lugha haisimulii matukio tu. Huamua pia ni nani atakayeonekana kuwa mtenda na ni nani atakayefichwa. Jambo hili hudhihirika wazi katika habari za kuondoka na kuajiriwa kwa makocha wa kandanda. Makala haya yanachunguza misemo na miundo ya kisarufi inayobeba habari hizo kwa kurejelea klabu ya Gor Mahia. Ingawa makao yake yako Nairobi, klabu hii iliyoundwa mwaka 1968 ina mizizi yake katika mwambao wa Ziwa Victoria. Jina lake ni la mganga mashuhuri wa Waluo, na mashabiki wake wamejaa Kisumu na viunga vyake. Kuanzia Kondele hadi ufuo wa Dunga, swali la nani ataifunza K'Ogalo ni gumzo lisilokauka.

Usuli

Mwaka 2013 Bobby Williamson wa Scotland aliipokea timu kutoka kwa Zdravko Logarušić wa Croatia, na Gor Mahia ikatwaa ubingwa wa ligi ambao ilikuwa imeukosa tangu mwaka 1995. Mwezi Agosti 2014 Williamson aliteuliwa kuifunza Harambee Stars. Mrithi wake, Frank Nuttall, alishinda ligi mwaka huo, kisha mwaka 2015 akaishinda bila kupoteza mchezo hata mmoja. Hata hivyo, mwaka 2016 naye alikuwa amekwisha kuondoka. Wakafuata Zé Maria wa Brazil, Dylan Kerr wa Uingereza, Hassan Oktay, Steven Polack na wengine. Kufikia mwaka 2022, Jonathan McKinstry wa Ireland Kaskazini alipowasili, klabu ilikuwa imepitia mikono ya makocha zaidi ya kumi katika muda usiotimia miaka kumi.

Katika kipindi hichohicho klabu ilitwaa ubingwa mara 7. McKinstry aliongeza mataji ya mwaka 2023 na 2024, kisha naye akaondoka. Kwa hiyo, dhana kwamba kocha huondoka kwa sababu ameshindwa haitoshi. Wapo wanaofukuzwa, wapo wanaoitwa kwingine, na wapo wanaochoshwa na mazingira ya kazi. Je, lugha inayotumika hutofautisha hali hizi?

Misemo mitatu, wakosaji watatu

Msemo wa kwanza ni "kupigwa kalamu". Hapa kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na chombo kinatajwa, lakini mkono ulioishika kalamu hautajwi. Msikilizaji anajua kwamba uamuzi umefanywa. Hajui kama ni wa mwenyekiti, wa kamati nzima au wa mfadhili.

Msemo wa pili ni "kumwaga unga". Katika msemo huu kocha ndiye kiima, naye ndiye anayemwaga chakula chake mwenyewe. Aliyefukuzwa amegeuzwa kuwa mkosaji, na aliyemfukuza ametoweka kabisa katika sentensi.

Msemo wa tatu, unaosikika zaidi Tanzania, ni "kibarua kuota nyasi". Nyasi huota zenyewe. Hakuna aliyefukuza wala aliyekosea. Kazi imejifia kama shamba lililoachwa. Tukio lilelile moja, basi, laweza kusimuliwa kwa lawama tatu tofauti kutegemea msemo uliochaguliwa.

Kwa upande wa anayeingia, magazeti hupenda kusema kwamba "amekabidhiwa mikoba". Mkoba ni mfuko, lakini pia ni mfuko wa mganga unaorithiwa pamoja na dawa na siri zake. Kwa klabu iliyobeba jina la mganga, msemo huu una ladha ya pekee. Hata hivyo, unapotosha kidogo: mrithi wa mganga hufundishwa na anayemrithi, ilhali kocha mpya mara nyingi hufika wakati mtangulizi amekwisha kupanda ndege.

Sarufi ya tetesi

Kabla ya uteuzi huja majina. Kiswahili kina ngazi nzuri ya uhakika: "angeteuliwa", "huenda akateuliwa", "atateuliwa", "ameteuliwa". Tetesi hupanda ngazi hii bila ushahidi wowote kuongezeka. Asubuhi gazeti linaandika "huenda akateuliwa". Adhuhuri msomaji anamwambia mwenzake "atateuliwa". Jioni, katika steji ya bodaboda, tayari "ameteuliwa". Vitenzi kama "inasemekana" na "yadaiwa" husaidia safari hiyo kwa kuwa havimlazimishi msemaji kutaja aliyesema.

Mashabiki hujitetea kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini uteuzi una masharti yasiyotii methali. Mwishoni mwa mwaka 2020 Roberto Oliveira Gonçalves, ambaye alikuwa amekwisha kuteuliwa, hakuweza kuketi benchi katika michuano ya Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) kwa kukosa leseni iliyohitajika, na Samuel Omollo akaisimamia timu. Hivyo hata "ameteuliwa" si mwisho wa habari. Swali la kwanza kuhusu kila jina linalotajwa lingepaswa kuwa la leseni, si la sifa.

Umevunjika au umevunjwa?

Tofauti yenye uzito mkubwa zaidi iko katika kauli za kitenzi "vunja". "Klabu imevunja mkataba" humtaja mtenda. "Mkataba umevunjwa" humficha, ila huacha nafasi ya kuuliza: umevunjwa na nani? "Mkataba umevunjika" huifunga nafasi hiyo, kwa kuwa kauli ya kutendeka haimpokei mtenda. Kwa mwanafunzi hili ni zoezi la mnyambuliko. Kwa kocha ni mshahara wake. Chini ya kanuni za FIFA, upande unaovunja mkataba bila sababu ya haki huweza kuamriwa kulipa fidia, na klabu inayokaidi huweza kuzuiwa kusajili wachezaji. Shabiki anayeridhika na "umevunjika" leo huenda kesho akashangaa kwa nini timu yake haisajili mtu.

Hitimisho

Imebainika kwamba habari za makocha zina sarufi yake, na kwamba sarufi hiyo mara nyingi humlinda mwenye mamlaka. Haifai kuifukuza misemo hii katika ukumbi wa michezo, kwani ndiyo utamu wake. Kinachohitajika ni msomaji anayeweza kuirudisha sentensi katika kauli ya kutenda na kudai kiima chake. Walimu wa Kiswahili wangeweza kuanza na ukurasa wa michezo wa gazeti: mwanafunzi apigie mstari kila kitenzi, kisha aulize ni nani aliyetenda, nani aliyetendwa na nani aliyesema. Pale ambapo jibu halipatikani, hapo ndipo tetesi ilipo.