Je, Wajua? Kutoa pumzi polepole hutuliza moyo
Moyo hupiga haraka kidogo unapovuta pumzi, na hupunguza kasi unapoitoa. Kazi hiyo hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo msongo ukikukaba, iwe kwenye foleni au kabla ya usaili wa kazi, usihangaike kujaza kifua kwa pupa. Vuta pumzi kwa pua, ongeza nyingine fupi juu yake, kisha itoe taratibu kwa mdomo hadi iishe. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kuwa watu waliofanya hivyo dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja walichangamka zaidi kuliko waliofanya tahajudi. Ukihisi kizunguzungu, pumzika kwanza.