Gari la Moshi na Watu Waliolitumikia



Siku ya 27 Septemba 1910 gari la moshi la kwanza liliingia mjini kwetu Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville siku zile. Reli hiyo ilitoka kusini, ikavuka mto Zambezi juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1905, ikapita Sakania, ndipo ikafika penye shaba. Mwaka 1928 njia ilifika hata Ilebo, huko Kasai, na jamaa nyingi za mji wetu zilikuja kwa reli hiyo. Lakini watoto wa leo hawajapata kuiona injini ya mvuke ikifanya kazi. Tuwaelezeje basi?

Ndugu zetu wa Kenya wamepata njia. Tangu mwaka 1971 ipo nyumba ya makumbusho ya reli karibu na stesheni ya Nairobi. Huko huenda familia na wanafunzi pamoja na waalimu wao, wakazitazama injini za zamani kwa karibu. Mojawapo ni ile yenye namba 5918, iitwayo Mount Gelai, iliyoundwa Manchester, Uingereza. Uzito wake wapata tani 250! Na kazi yake yafahamika upesi: moto huchemsha maji ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke husukuma bastola, nazo bastola huzungusha magurudumu. Ni nguvu ile ile iinuayo kifuniko cha sufuria jikoni kwa mama.

Lipo pia behewa ambamo, mwaka 1900, simba alimwua Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, penye stesheni ya Kima. Alikuwa akimvizia simba huyo usiku, usingizi ukamshika. Watoto huipenda sana habari hii. Lakini mzazi mwenye busara haishii kwa simba. Katika kuijenga reli ile, iliyofika ziwa Victoria mwaka 1901, walikufa vibarua 2,493 waliotoka Bara Hindi. Jina la Ryall twalijua. Je, majina yao ni nani ayatajaye?

Hapo lipo funzo kwetu sisi wa Lubumbashi. Chuma chaweza kungoja, bali kumbukumbu za wazee hazingoji. Wako bado wazee waliotumika relini: waliotia kuni na makaa tanuruni, waliopaka magurudumu mafuta, waliotengeneza njia juani. Basi, siku moja ya mapumziko, wapelekeni watoto kwa mzee wa namna hiyo. Wamwulize aliamka saa ngapi, nani alimfundisha kazi, na joto la tanuru lilikuwaje. Majibu wayaandike daftarini, na juu yake waandike jina lake zima.

Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vilevile, ukiona gari lakwenda, jua wako waliolitolea jasho.