Dawa ile ile, bei mbili: Sheria yasemaje?

Msomaji, zunguka maduka ya dawa mjini Nakuru na huenda ukakuta dawa ile ile ikiuzwa kwa bei tofauti. Baina ya nchi na nchi, pengo laweza kuwa kubwa zaidi.

Je, mfanyabiashara aweza kununua dawa nchi nyingine kwa bei rahisi na kuileta Kenya bila kibali cha mwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi? Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 58, yamruhusu. Dawa ikishauzwa kihalali kokote, mwenye hataza hana tena usemi juu yake. Mwaka 1974, Mahakama ya Ulaya nayo iliamua kwamba dawa ya Sterling Drug iliyouzwa rahisi Uingereza yaweza kupelekwa Uholanzi.

Kidogo tuipoteze ruhusa hii. Juni 2002, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyodai idhini ya mwenye hataza, wakati familia nyingi hazikumudu dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Watetezi wa wagonjwa walipinga vikali, na Agosti mwaka huo huo kifungu kikarudishwa.

Lakini hii si ruhusa ya magendo. Dawa sharti ipitie Bodi ya Dawa na Sumu. Uwe Molo, Gilgil au Naivasha, usinunue ya mafichoni. Muulize mfamasia: "Ipo ya jina jingine, kazi ile ile, bei nafuu?" Swali hilo halitozwi pesa.