Vioo vya Kusomea Picha za Matiti

Ndugu askari, wewe uliyepata kushika lindo la usiku wajua ya kuwa kitu kidogo gizani hakionekani kwa macho yaliyotoka sasa hivi kwenye taa kali. Ndivyo alivyo daktari atafutaye saratani ya matiti katika picha ya eksirei. Dalili ya mwanzo huweza kuwa chembe za chokaa, nyingine zisizofika nusu milimita. Zikimpita, mama hurudi nyumbani akidhani yu mzima.

Marekani iliidhinisha mtambo wa kwanza wa kidijitali wa picha hizo mwaka 2000, na tangu hapo kioo cha kompyuta kimekuwa kikichukua mahali pa filamu. Lakini kioo kipi? Cha ofisini chenye vitone vya nuru 1,920 kwa 1,080 kina jumla ya milioni 2 tu. Kilichoundwa kwa kazi hii kina 2,048 kwa 2,560, yaani zaidi ya milioni 5. Hata hicho hakienei: baadhi ya mitambo hutoa picha ya vitone 3,328 kwa 4,096, hivyo daktari hana budi kuikuza na kuipekua kipande kwa kipande, kama kikosi kipekuavyo msitu.

Wingi wa vitone, kwa maoni yetu, husifiwa kupita kiasi. Kioo hufifia kwa matumizi, na kisipopimwa mara kwa mara, rangi mbili za kijivu zinazokaribiana huonekana kuwa moja. Basi alinganishaye vioo kwa haki hutumia picha zile zile, madaktari wale wale, na chumba kile kile chenye mwanga hafifu.