Mbwa Mkali, Mbwa Mwoga: Tumzoeshe Banda Bila Fimbo

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia uani, kwenye banda la mbwa. Wengine watauliza, mbwa na afya vinahusiana nini? Jibu tulilipata Jumamosi moja asubuhi, tulipokusanyika kwa sala ya jumuiya katika nyumba ya mwenzetu mmoja.

Mwenye nyumba alikuwa amemfunga mbwa wake, Simba, kwa mnyororo chini ya mwembe, maana wageni walikuwa wengi na Simba hapendi wageni. Watoto walikuwa wakicheza mpira. Mpira ukabingirika hadi kwenye mwembe, na mtoto mmoja wa miaka 7 akaukimbilia. Simba hakubweka. Alimng'ata kwenye kigimbi, akavuta mnyororo hadi ukakatika, akapotelea vichakani.

Kilichofuata ndicho kilichotufanya tuandike makala hii. Mzee mmoja alileta tumbaku ya kusagwa ili ibandikwe kwenye jeraha. Vijana waliokota mawe wamfuate mbwa. Mama mmoja akauliza kama Simba amechanjwa. Mwenye nyumba akaingia ndani kutafuta cheti, akatoka mikono mitupu. Bahati njema muuguzi mmoja alikuwa miongoni mwetu. Aliizuia ile tumbaku, akaomba sabuni ya kufulia na maji, akaliosha jeraha kwa dakika 15 nzima huku mtoto akilia na sisi wengine tukidhani anazidisha.

Hakuwa anazidisha. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na sabuni huviharibu kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiwa wamekipata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaokufa 4 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuanza upo muda, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na katika muda huo sindano za kinga zikitolewa mapema na kwa ukamilifu huokoa maisha. Kwa hiyo kwanza ni maji na sabuni, pili ni hospitali siku hiyo hiyo. Majivu, pilipili, tumbaku na jiwe la nyoka havina kazi hapa.

Hospitalini mganga aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: mbwa yuko wapi? Mbwa aliyeng'ata, akifungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, akabaki mzima na mwenye afya, basi siku ile hakuwa na virusi katika mate yake. Habari hiyo humsaidia sana mganga, ingawa sindano hazingoji siku hizo 10 ziishe. Zinaanza mara moja. Baba wa mtoto aliuza mbuzi kulipia dawa na nauli. Simba alirudi usiku wa pili, mwenyewe, ana njaa. Na hapo likatokea tatizo jingine: hakukubali kuingia katika banda lake. Kila akiliona alitoa meno.

Tulipoulizia, sababu ilionekana. Tangu alipokuwa mdogo, Simba alisukumwa bandani kwa fimbo. Akikojoa barazani, bandani. Akiiba nyama, bandani. Mchana kutwa alifungiwa humo chini ya bati linalochoma, eti awe mkali usiku. Banda lilikuwa gereza lake, na kila mkono uliomkaribia ulikuwa mkono wa askari magereza.

Wengi wetu tunadhani mbwa anayeng'ata ni mbwa mbabe anayetaka kuwa mkuu wa nyumba, na kwamba dawa yake ni kumwonyesha nani bwana. Wazo hili lina historia. Mwaka 1947 mtaalamu Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao walipigania ukubwa. Mmarekani David Mech akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye aliwaangalia mbwamwitu walio huru, akakuta kundi lao kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 aliandika kusahihisha mambo. Mtu msomi anayekubali kujisahihisha hadharani ni wa kuheshimiwa, lakini sahihisho lake halijafika uani kwetu, na fimbo bado zinafanya kazi.

Kweli wapo mbwa wenye kiburi cha chakula au cha mahali pa kulala. Hata hivyo, mbwa wengi wanaong'ata huwa na hofu, au wana maumivu. Yafaa tujue lugha yao. Mbwa mwenye hofu hulaza masikio nyuma, hukunja mkia katikati ya miguu, hupiga miayo bila usingizi, hulamba midomo bila chakula, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Halafu hukaza mwili. Halafu hunguruma. Mwenye mbwa akimpiga kila anaponguruma, hampunguzii hofu. Anamfundisha kung'ata bila kutoa onyo. Ndivyo alivyofanya Simba chini ya mwembe.

Bwana mifugo wa kata alipofika, jambo la kwanza alilosema ni kwamba fimbo itupwe. La pili, banda libadilishwe. Lilihamishiwa kivulini, likainuliwa kutoka ardhini kwa magogo, likawekewa sakafu ya mbao. Ukubwa wake uwe wa kumwezesha mbwa kusimama, kujigeuza na kulala amejinyoosha. Nyufa zilizibwa, kwa kuwa kupe wa mbwa hupenda kutagia humo, na mbwa anayewashwa usiku kucha hawezi kuwa mpole mchana. Maji yawemo daima.

Siku zile 10 Simba alikaa katika chumba cha kuni kilichofungwa, akipewa chakula kupitia mlangoni na mtu mzima mmoja tu. Zilipokwisha akiwa mzima, alichanjwa, na mafunzo yakaanza. Tunayaeleza kama yalivyokwenda, maana hayakwenda kwa haraka.

Wiki ya kwanza mlango wa banda ulifungwa kwa kamba ili ubaki wazi, usije ukajibamiza kwa upepo na kumtisha. Sahani ya ugali na dagaa iliwekwa hatua tatu kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwita wala kumsukuma. Alikula, akaondoka. Kila siku sahani ilisogezwa kidogo. Siku ya tano alikula kichwa kikiwa ndani na miguu ya nyuma ikiwa nje, tayari kukimbia. Wenye nyumba walicheka, lakini bwana mifugo alisema huo ni ushindi mkubwa.

Alipoanza kuingia mzima mzima, ndipo lilipotumika neno moja, lile lile kila mara, kwa sauti ya kawaida: "Nyumbani." Akiingia, kipande kidogo cha dagaa. Baada ya siku kadhaa mlango ulirudishwa bila kufungwa komeo, ukafunguliwa kabla hajamaliza kula. Kisha komeo, kwa dakika moja. Kisha dakika tano, mtu akiwa ameketi karibu akichambua mchele. Kisha nusu saa. Walipoharakisha, wakamfungia saa nzima kwa kuwa wageni walikuja, alikwangua mlango hadi kucha zikatoka damu. Ikabidi kurudi nyuma karibu wiki nzima.

Hapa watu hukosea sana. Mbwa akilalamika kidogo kwa kuudhika, ngoja atulie kitambo ndipo ufungue, asije akajifunza kwamba kelele ndiyo ufunguo. Lakini akihema kwa kasi, akatetemeka na kujaribu kutafuna mbao, hiyo ni hofu kubwa, na hofu haiishi kwa kufungiwa zaidi. Fungua, na kesho uanze na muda mfupi zaidi.

Kwa mbwa anayelinda chakula na banda kwa meno, utaratibu ni ule ule, isipokuwa usiingize mkono ndani kumtoa. Mwite nje kwa kitu anachopenda. Asubiri kidogo kabla ya kupewa sahani, na sahani itolewe na watu wazima. Kumlaza chali kwa nguvu au kumkaba shingo, kama baadhi ya wafugaji wanavyoshauri, ni kujitafutia jeraha la uso.

Banda lisitumike tena kwa adhabu, hata siku moja. Wala asifungiwe kutwa nzima. Atembezwe asubuhi na jioni, na mtoto wa mbwa atolewe kila baada ya saa chache, kwa kuwa hawezi kubana mkojo. Nao watoto wetu wafundishwe kwamba mbwa akiwa bandani hachokozwi: hakuna vidole kwenye nafasi za mbao, hakuna kumrushia mawe, hakuna kumtazama machoni kwa muda mrefu. Walio na watoto wa mbwa wana kazi nyepesi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mbwa mdogo huzoea kwa urahisi watu, sauti na mahali papya. Anayefichwa nyuma ya nyumba wakati huo ndiye anayekuwa mwoga baadaye.

Jambo moja lisichanganywe na tabia. Mbwa mpole akibadilika ghafla akawa mkali, au mkali akawa mpole mno kwa wageni, sauti yake ikakauka, akadondosha mate, akashindwa kumeza au akaburuta miguu ya nyuma, huyo si wa kufundishwa. Asishikwe. Watoto waingizwe ndani na bwana mifugo aitwe upesi. Ili tusifikie hapo, mbwa wachanjwe kila mwaka, na wale wadogo wapelekwe pia siku ya chanjo. Mahali ambapo angalau mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Cheti kiwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, kisije kikatafutwa siku ya balaa.

Yule mtoto alimaliza sindano zake zote na kovu lake ni dogo. Simba sasa huingia bandani kwa neno moja kabla jumuiya haijafika, na hulala humo tukisali. Mvua kubwa ikipiga bati bado hutetemeka, na mwenye nyumba humwachia mlango wazi. Mtoto naye, anapofika pale, hupitia upande wa pili wa nyumba.