Karatasi zako za simu zinalala kwa nani?

Februari 2024, wakati mapigano yalisogea Sake, watu wengi walikimbilia Goma, kilometa karibu 25, na kile mkono uliweza kubeba. Simu ikageuka kabati ya nyumba: mle ndani mna picha ya karte ya mpiga kura, ambayo Kongo inatumika kama kitambulisho, na picha ya karatasi za parseli.

Lakini ukiziweka kwa Google ao Facebook, zinalala kwenye mashine za kampuni, mbali na Kivu. Ukipoteza neno la siri, ao konti ikifungwa, hauna mlango wa karibu wa kupigia hodi.

Iko njia ingine: kujiwekea mwenyewe. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaenea kwenye kiganja na inakula umeme kidogo. Pano ya jua na betri vinaitosha. Ikiwekwa parokiani ao shuleni, watu wa karibu wanaifikia kwa Wi-Fi, hata intaneti ikikatika.

Intaneti ikirudi, mashine za namna hiyo zinaweza kuongea kati yao. Ndivyo Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016, inafanya kazi: kama masoko ya Sake na Kirotshe, kila moja na msimamizi wake, lakini wachuuzi wanatembeleana.

Ila mashine inaibiwa, nyumba inaungua. Kwa hiyo anzia hapa: nakala moja kwenye karte memwari, ingine kwa ndugu wa mji mwingine, zote zifungwe na neno la siri. Anayeokota karte asisome maisha yako.