Asha-Rose Migiro: kipimo ni kazi

Januari 2007, Katibu Mkuu mpya wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alimteua Dkt. Asha-Rose Migiro wa Tanzania kuwa Naibu wake. Papo hapo maswali yakazuka: je, ameteuliwa kwa uwezo wake, au kwa kuwa ni mwanamke na anatoka Afrika?

Jibu la haki hutafutwa katika kazi aliyoifanya. Dkt. Migiro ni mwanasheria aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992, na akafundisha sheria Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2000 aliongoza wizara ya maendeleo ya jamii, jinsia na watoto. Januari 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, na mwezi huo huo akaongoza kikao cha Baraza la Usalama kuhusu Maziwa Makuu.

Upungufu nao ulikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje aliishika mwaka mmoja tu, ilhali mtangulizi wake mjini New York, Mark Malloch Brown, alikuwa ameliongoza Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Yote mawili yanastahili kuwekwa mizanini. Anayemdharau kwa kuwa ni mwanamke, na anayemsifu kwa kuwa ni mwenzetu, wote wawili hawajaitazama kazi. Wadhifa huo aliushika hadi mwaka 2012.